Nafasi ya Pili

Mji ninaousimulia ulikuwa ukibadilishwa jina kila utawala ulipobadilika, kwa hiyo sitautaja. Nikitaja jina moja nitakuwa nimewaonea wale walioujua kwa jina jingine. Vibao vya njia panda vilikuwa vimepakwa rangi juu ya rangi mpaka vikanenepa, na mtu mwenye kucha kali angeweza kukwangua kibao akakuta tawala tatu chini ya huu tulionao. Tulizoea. Watu walizaliwa katika mji mmoja, wakafunga ndoa katika mwingine, wakazikwa katika wa tatu, na hawakuwahi kuhama nyumba.

Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni Idara ya Mistari. Kila utawala ulioingia uliikuta, na kila uliotoka uliiacha. Idara ndiyo iliyochora mipaka ya mashamba, mistari ya barabara, foleni za hospitali, safu za makaburi, na kila mwaka, Jumatatu ya wiki ya michezo, ndiyo iliyomwaga chokaa ya mistari katika uwanja wa mbio za shule. Mimi nilikuwa mshika-saa wa Idara. Nilisimama mahali mstari wa mwisho ulipo, nikabonyeza saa mtu alipoukata, nikaandika. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini, au labda ishirini na tisa, kwa sababu kuna mwaka mmoja ulipotea utawala mmoja ulipofuta kalenda ya uliotangulia. Mpaka leo sijui ule mwaka niuweke wapi. Nakumbuka nilikuwa hai.

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza mkimbiaji yeyote yeye ni nani. Nilidhani swali hilo lina wenyewe, na wenyewe wako ofisi nyingine. Kisha, Jumatano ya wiki moja kabla ya mashindano, Bi Mgeni akabisha hodi mlangoni kwangu.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, na kifuani alikumbatia bahasha ya kaki kama mtu anayepita na chakula penye mbwa. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nimeleta fomu ya mwanangu," alisema. "Anataka kukimbia mita mia nane."

Niliipokea. Jina lilikuwa Sikudhani, umri miaka kumi na saba. Mahali palipoulizwa jinsi, tiki ilikuwa kwenye KE. Nyuma yake, kimebanwa kwa pini ya nguo, kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, nacho kilisema Shaweji bin Makungu, ME.

"Mama, hawa ni watu wawili," nilisema.

"Ni mmoja," alisema Bi Mgeni. "Nimemzaa mimi. Najua nilizaa wangapi."

Nikamwuliza jambo hili lilianza lini. Akasema lilianza mwanawe akiwa na miaka sita, ila yeye mama alikuwa hasikii, au alisikia akadhani ni mchezo. Alianza kusikia miaka miwili iliyopita, baada ya mwanawe kukaa siku tisa bila kula. "Hilo jina nimelizoea mwaka huu tu," alisema. "Mpaka sasa huwa nateleza. Nikiteleza, hanuni. Ananiangalia, ananisubiri."

"Anatumia dawa?"

"Za hospitali ya mji wa jirani. Huu mwaka wa pili. Amepungua nguvu. Ndoo aliyokuwa akiibeba kwa mkono mmoja siku hizi anaibeba kwa miwili."

"Kwa nini basi asikimbie na wavulana, kama zamani?"

Bi Mgeni alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Hilo mwulize mwenyewe," alisema. "Mimi nimeleta fomu."

Alipoondoka nilibaki nikiitazama ile karatasi mpaka chai ikapoa. Lugha yetu haiulizi swali lile. Nikisema amekuja, amekimbia, ameanguka, amelia, sijakwambia kama ni wa kiume au wa kike, na wewe hukuona pengo lolote. Tunaweza kuishi na mtu, tukamsifu, tukamsengenya, tukamuuguza, tukamzika, bila kitenzi hata kimoja kutulazimisha kuchagua. Wewe unayesoma umefika hapa bila kujua kama mimi ni bwana au bibi, na hukukwama popote. Lakini fomu iliuliza. Ilikuwa na visanduku viwili, kila kimoja na ukubwa wa punje ya mchele, na ndani ya kimoja cha hivyo viwili ilikuwa lazima atoshe mtu mzima mwenye urefu wa mita moja na robo tatu. Nilikuwa nimepokea maelfu ya fomu kama hiyo na sikuwahi kuviona vile visanduku. Siku hiyo niliviona, na tangu siku hiyo sijaacha kuviona.

Lakini nisiidharau fomu. Bila kile kisanduku cha pili, mbio za wasichana zisingekuwepo kabisa. Hilo nililijua, na kama ningelisahau, Bi Mwanaheri alikuwepo wa kunikumbusha.

Idara iliitisha baraza la watu watatu, Ijumaa, katika chumba cha ramani. Chumba hicho kilikuwa na ramani za mji tangu jina lake la kwanza. Mto ulipita mahali pamoja katika ramani zote, ila ukingo wa kushoto katika moja ulikuwa wa kulia katika nyingine, kutegemea mchoraji alisimama wapi. Mwenyekiti alikuwa Daktari Ngwali, ambaye alikuwa na tabia ya kufuta miwani kila alipotaka kusema jambo asilokuwa na uhakika nalo. Siku hiyo aliifuta mno. Wa pili alikuwa Bi Mwanaheri, mkimbiaji wa kwanza wa kike mji wetu kumpeleka nje, sasa mwenye nywele nyeupe na goti lisilokunjika. Wa tatu nilikuwa mimi.

Daktari alianza. "Mwili uliokwisha kubaleghe kwa kiume hubaki na faida yake. Urefu, mifupa, mapafu. Dawa hupunguza. Hupunguza kiasi gani, na kwa muda gani, wataalamu wanabishana. Naweza kuwapa wastani." Akafuta miwani. "Ila wastani unajua kundi. Haumjui mtu."

"Kwa hiyo huyu tuliye naye?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Huyu simjui."

"Kuna namna ya kumjua?"

"Kuna vipimo. Damu. Na kuna wanaotaka kutazama kwa macho."

Bi Mwanaheri aliweka kiganja mezani. Alizungumza kwa sauti yake nzito, pole pole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Sauti yangu ilikuwa hii hii, na kifua changu hiki hiki. Nikashinda. Wakaniita chumbani, watu wanne, wakaniambia nivue nguo. Nikavua. Wakatazama. Mmoja akaandika kwamba ni mwanamke, akanipa karatasi yenye mhuri. Karatasi ninayo mpaka leo na sijamwonyesha mtu, hata marehemu mume wangu. Kwa hiyo atakayetamka tena neno kutazama katika chumba hiki, mimi naondoka."

Hakuna aliyelitamka.

"Na sasa nisikilizeni upande wa pili," aliendelea. "Mbio hizi tuliziomba miaka kumi na moja. Tuliambiwa mizunguko miwili itatuharibu matumbo, hatutazaa. Tukakimbia mizunguko miwili, tukazaa. Ule mstari unaotutenga na wavulana hatukuchorewa kwa dharau. Tuliuomba sisi. Tuliuomba kwa sababu bila huo hakuna msichana hata mmoja ambaye angewahi kusimama mbele. Namwonea huruma mtoto huyu. Lakini siwezi kuufuta mstari kwa sababu ya huruma."

Daktari alifuta miwani, akasema tuwaite wanafunzi.

Mwatime aliingia kwanza. Alikuwa bingwa wa mwaka uliopita, msichana mfupi mwenye mabega ya mtu anayetwanga. Alitoa shikamoo kwetu sote, mmoja mmoja, akakataa kukaa. Yeye na Sikudhani walisoma darasa moja, dawati moja.

"Ananisaidia hesabu," alisema. "Mimi namsaidia historia. Simchukii. Watu wa nje wanataka niseme namchukia, na wengine wanataka niseme sina neno. Nina neno."

"Liseme, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri.

"Nafasi ya kambi ya taifa ni moja. Miaka minne naamka kabla ya jua. Nimekimbia nikiwa na homa, nimekimbia siku ambazo tumbo linanikata na siwezi kumwambia kocha kwa nini. Nikishindwa, nataka nijue yule aliyenishinda alipita mlemle nilimopita mimi. Sitaki nibaki najiuliza. Basi."

Daktari aliinama mbele. "Wewe unamwona ni msichana?"

Mwatime alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mvua. "Namwona ni Sikudhani," alisema. "Hilo silo mliloniitia."

Alipotoka, mlango haukufungwa. Sikudhani alikuwa amesimama pale nje, na wote wawili walipishana kizingitini, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kupita, hata kwa muda hakupita mtu.

Sikudhani alikuwa mrefu, na alitembea akiwa ameweka mkoba wa shule mbele ya kifua. Alisema shikamoo kwa sauti ya chini. Bi Mwanaheri alichelewa kidogo kuitikia. Niliona anatafuta neno. Kisha akalipata, na lilikuwa lile lile. "Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Kwa nini usikimbie na wavulana?" niliuliza, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa kuuliza.

"Nilikimbia nao. Nilikuwa wa nne, wa tano. Wanatangaza jina, watu wanapiga makofi, na mimi nageuka nyuma kutazama anayepigiwa makofi." Aliukumbatia mkoba. "Nilikuwa nafikiri watu wote wako hivyo. Kwamba kila mtu akipongezwa hugeuka nyuma."

"Unataka kushinda?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Nikisema sitaki nitakuwa mwongo. Nani anakimbia asitake?"

"Na Mwatime je?"

Hapo Sikudhani alitazama dirishani kwa muda ambao hata mimi, mshika-saa, sikuweza kuukadiria. Nje mti ulitikisika, ukatulia. Labda utawala mmoja ulipita.

"Nimemfikiria Mwatime kuliko ninyi nyote," alisema hatimaye.

"Ukapata jibu gani?"

"Sijapata. Ndiyo maana nilileta fomu. Nilidhani ninyi mnalo."

Tuliahirisha mpaka Jumatatu. Siku hizo tatu mji ulijaa maneno. Mbio za wasichana miaka yote zilitazamwa na akina mama watatu na muuza miwa. Sasa uzio wa uwanja ulijaa watu wakati wa mazoezi tu. Redio ilileta wazee wa upande mmoja asubuhi na vijana wa upande wa pili jioni. Bwana mmoja aliyevaa suti alikuwa akipaza sauti kwamba amekuja kuwalinda dada zake. Bi Mwanaheri, aliyekuwa akipita kwa mkongojo wake, akamwuliza, "Dada yako anakimbia mbio gani, baba?" Bwana yule alisema dada yake hakimbii. Hatua chache kutoka hapo msichana wa chuo alishika bango lililosema MWACHENI AKIMBIE, akaniita kando, akaniuliza kwa heshima kama mita mia nane hukimbiwa uwanjani au barabarani. Nilimwelekeza. Niliona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haraka ya kufika mahali, na kwamba mahali penyewe hapakuwa na msichana yeyote.

Kuna ambao walitumia maneno machafu, na kuna waliotupa kitu kwenye dirisha la Bi Mgeni. Walitafutwa, hawakupatikana. Yeye alitoa vipande vya vioo kwenye cherehani, akamalizia sare alizokuwa ameahidi.

Jumatatu, katika chumba cha ramani, Daktari Ngwali alisema aruhusiwe. Alisema hana uhakika, na kwamba asipokuwa na uhakika humwelekea aliye mbele yake. Bi Mwanaheri alisema asiruhusiwe. Alisema naye hana uhakika, na kwamba asipokuwa na uhakika huwaelekea wasiokuwamo chumbani. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa juu ya paa, na ramani zote zilikuwa na mwanga sawa.

Nani alinipa. Hilo kwanza. Nani alinipa mimi, mtu wa kubonyeza, haki ya kusema ndiyo au hapana juu ya mwili wa mtu.

Hakuna aliyenipa. Ndivyo haki hizo zinavyotolewa. Unakaa kwenye kiti, kiti kinasema.

Nikisema ndiyo, Mwatime atajiuliza mpaka azeeke.

Nikisema hapana, yule mwingine atageuka nyuma tena kutazama anayepigiwa makofi.

Mstari una upana wa vidole vinne. Nimeusimamia miaka thelathini. Ukiinama karibu kabisa, hauna ukingo. Ni unga tu, umetawanyika, punje moja huku, punje moja kule, katikati ya majani. Ukisimama mbali unakuwa mstari.

Nisimame wapi?

Ishirini na tisa. Miaka ishirini na tisa. Ule mwaka mmoja sijui niuweke wapi.

Nilisema hapana.

Nilitoa sababu, na sababu zilikuwa nzuri: kwamba mbio za wasichana zipo kwa ajili ya tofauti ya miili na wala si ya majina, kwamba nafasi ni moja, kwamba hatuwezi kupima tusichoweza kupima. Ziliandikwa, zikapigwa mhuri. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kama ulikuwa uamuzi au uchovu. Niliyasema maneno yale, kisha nikasikia kwamba nimeyasema. Bi Mwanaheri, ambaye nilikuwa nimemuunga mkono, hakufurahi. Alifunika uso kwa mtandio wake akakaa hivyo mpaka tulipotoka.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Sikudhani. Nilimkuta nyumbani, anakata nyuzi zilizobaki kwenye sare za mama yake. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi.

"Wamesema hapana," nilimwambia. Kisha nikajisahihisha. "Nimesema hapana. Kura yangu ndiyo iliyoamua."

Mkasi ulisimama, ukaendelea. "Ahsante kwa kusema hivyo," alisema. "Wengine wangesema Idara."

"Unaruhusiwa kukimbia na wavulana."

"Niandike basi."

"Utakuwa wa mwisho. Kwa jinsi ulivyo sasa, utakuwa wa mwisho kwa mbali."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Aliinua macho. "Mshika-saa, miguu yangu haijasoma barua yenu," alisema. "Bado inaamka asubuhi inataka kwenda. Niipeleke wapi?" Kisha akasema, kwa haya, kama anayeomba maji nyumba ya watu, "Kuna jambo moja. Mnawapima watatu wa kwanza tu. Wa mwisho mnamwandikia namba, muda hamumwandikii. Nakuomba unipime mpaka nifike."

Nilimwahidi.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumatano, mchana mweupe usio na upepo. Wasichana walikimbia kwanza. Kwenye orodha kulikuwa na majina manane, na mimi, baada ya wiki nzima ya kusikia majina mawili tu, niliyasoma mengine sita kama mtu anayewaona watu waliokuwa wamekaa gizani katika chumba kile kile. Mwatime alishika mbele tangu mwanzo. Katika mzunguko wa pili alifuatwa na mmoja aitwaye Hidaya, wa shule ya bondeni, msichana mwembamba anayekimbia kichwa kikiwa kimelala begani. Mwatime alishinda kwa dakika mbili, sekunde kumi na moja, nukta nane. Hidaya alikata mstari kwa dakika mbili, sekunde kumi na tatu, nukta moja, akaanguka kifudifudi, akabaki pale akicheka na kukohoa.

Nusu ya watu wa uzioni waliondoka. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya ugomvi, na ugomvi haukutokea.

Wavulana walipojipanga, Sikudhani alisimama mstari wa nane, wa nje kabisa, amevaa sare ambayo mama yake aliishona upya kiunoni. Baadhi ya waliobaki walizomea. Mvulana wa mstari wa saba, ambaye sikujua jina lake, aligeuka akampa mkono. Bunduki ililia. Mpaka mita mia mbili alikuwa nao. Mpaka mia nne alikuwa nyuma yao kwa hatua kumi. Katika mita mia moja za mwisho alikuwa peke yake uwanjani, na wengine saba walikuwa wameshamaliza, wameinama, wameshika magoti. Wenzangu wawili wa kupima muda walikuwa wameshaziweka saa zao mfukoni. Bi Mgeni alisimama kwenye uzio. Hakuita jina la zamani wala jipya. Aliita, "Mwanangu! Mwanangu! Mwanangu!" mpaka sauti ikamkatika.

Nilibonyeza. Dakika mbili, sekunde kumi na mbili, nukta nne.

Niliitazama ile saa, kisha karatasi ya wasichana, kisha saa tena.

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye nyasi, anavua viatu. Nilimsogelea nikamsomea muda wake.

"Kule ningekuwa wa ngapi?" aliuliza.

"Wa pili."

Alinitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalala chali, mkono juu ya macho. "Wa pili!" alisema. "Redio, vioo, mabango, mji mzima, kwa ajili ya wa pili!" Kicheko kikageuka katikati, kikawa kitu kingine, nami nilisimama pale mpaka kilipoisha. Kisha alikaa, akapangusa uso kwa fulana. "Ahsante kwa kunipima," alisema. Mwaka ule alimaliza shule, na sikumwona tena katika mashindano yoyote. Nasikia yuko mji wa jirani, anafundisha hesabu, na asubuhi hukimbia.

Mwatime alinikuta nikiwa narudi mezani. Alikuwa ameona midomo yetu ikisema.

"Alikimbia muda gani?" aliuliza.

Ningeweza kukataa. Nilimwambia.

Alikokotoa kimoyomoyo, na sikumwona akikosea. "Kwa hiyo ningemshinda."

"Ungemshinda."

"Kwa zaidi ya nusu sekunde."

"Ndiyo."

Alitazama upande wa pili wa uwanja, ambako Bi Mgeni alikuwa akimfunga Sikudhani kanga mabegani. "Mngeniacha nimshinde," alisema Mwatime. Hakupandisha sauti. "Sasa watasema nilisaidiwa. Na mimi mwenyewe siku nyingine nitasema hivyo." Kipaza sauti kiliita jina lake. Likaitwa mara ya pili, naye akaenda, akapanda jukwaani, akainamisha kichwa wamvike medali. Alikwenda kambini. Alikimbia vizuri huko, si vizuri sana.

Nilikaa mezani nimalize kuandika. Niliandika muda wa Sikudhani kwenye karatasi ya wavulana, nafasi ya nane, mahali ambapo huwa hapaandikwi kitu. Uwanja ulikuwa unamwagika watu. Nilipoinua macho, Hidaya alikuwa amesimama mbele ya meza, magoti yana vumbi, medali ya fedha ameishika mkononi badala ya kuivaa.

Huyu hakuna aliyemwita katika baraza. Hakuna redio iliyolitaja jina lake. Hatukuwahi kumfikiria, Daktari, Bi Mwanaheri wala mimi, kwa sababu tulikuwa tunafikiria juu ya wa kwanza.

"Shikamoo," alisema. "Samahani. Nilianguka, sikusikia vizuri walivyotangaza. Ni kweli nimekuwa wa pili?"

Karatasi mbili zilikuwa chini ya kiganja changu.

"Kweli," nilisema.

"Na muda?"

Nikamwambia. Alitikisa kichwa kwa mshangao, akausema tena taratibu, sekunde na nukta. Alisema hajawahi kuufikia, na kwamba nyumbani kwao hakuna aliyeweza kuja, itabidi awasimulie. Aliniomba kalamu. Akauandika muda ule kwenye kiganja chake cha kushoto, akaupulizia wino ukauke, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili, akaondoka kuelekea lango la bondeni akiwa amekunja ngumi.